Sanduku Kabla ya Jumamosi

Gaudiose alikuwa amepiga magoti akikamua taulo juu ya ndoo, ndizi zikiungua jikoni, wakati Charlotte wa ghorofa ya chini alipogonga dari lake kwa mpini wa ufagio. Aligonga kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi, maana wawili hao walipendana na kila Krismasi walipeana keki. Maji yalikuwa yamepanda tena.

Yalipanda kila jioni, saa ambayo gari la kiwanda cha kuku lilizoea kumshusha Claude, mume wa Gaudiose, kwenye kituo cha mafuta cha jirani. Kwanza samaki walijipanga upande mmoja wa tangi lao la kioo pale sebuleni, vichwa vikielekea mlangoni. Halafu maji yalinyanyuka taratibu, bila mtu kuongeza hata kikombe, yakafika ukingoni mwa kioo, yakavuka, yakateremka mpaka kwenye kapeti. Yalikuwa ya uvuguvugu, na yalinukia ile sabuni ya kijani ambayo kiwandani waliwanawisha watu kabla ya kushika kuku. Yakishamwagika ya kutosha yalitulia, na samaki wakarudi kwenye shughuli zao.

Claude alikuwa amekufa mwaka wa korona. Alizikwa na watu wachache waliosimama mbalimbali kama nguzo za umeme. Padri aliharakisha sala nyuma ya barakoa, na kila mtu akaenda moja kwa moja kwenye gari lake. Hapakuwa na kikao wala chai wala wimbo. Gaudiose alirudi Alief, mtaa wao wa Houston, peke yake, akavua viatu, akapika wali wa watu wawili kwa mazoea.

Tangi aliachiwa na Immaculate, nesi Mkenya aliyekuwa jirani yake mpaka alipohamia Cedar Hill kule Dallas. Kwa Immaculate maji hayakuwahi kupanda hata siku moja, lakini kwa Immaculate hapakuwa na mtu aliyechelewa kurudi.

Wiki hiyo msimamizi wa majengo, binti mwenye kucha ndefu na sauti ya asali, alipanda ngazi mwenyewe kumwambia Gaudiose kwamba Jumamosi angekuja mtu kukagua dari la Charlotte. Likidondosha hata tone, tangi litoke. Gaudiose aliitikia "okay", neno ambalo Marekani ilimfundisha mapema kuliko mengine yote, akafunga mlango, akasimama mbele ya kioo. Samaki wangeweza kuishi hata ndani ya ndoo. Lakini tangi likitoka, yale maji ya jioni yasingekuwa na pa kupandia, na tangu Claude aende, hayo tu ndiyo yaliyokuwa yanarudi nyumbani. Hilo hakumwambia mtu. Alimwambia Bikira Maria, naye hakupinga.

Akampigia Immaculate.

"Gaudi, hiyo si leak," alisema Immaculate. "Leak inashuka. Yako inapanda. Hapo unahitaji overflow."

"Ni dawa?"

"Ni sanduku. Unaliangika hapo juu kwa ukingo, nusu iko ndani, nusu iko nje. Maji ikizidi inaingia kwa sanduku, inavuka na pipe, inaenda chini kwa beseni, halafu pampu inairudisha juu. Usi-stress, ni kitu unaweza kujitengenezea."

"Na yaliyo chini ya ukingo?"

"Hayo haiguzi. Inachukua tu yenye imezidi."

Gaudiose alilipenda sana wazo hilo. Aliona kwamba Mungu angefanya vema kumfungia kila mwanakwaya mwenzake kisanduku cha namna hiyo shingoni. Siku hiyo hiyo alianza kazi.

Sanduku la kwanza lilikuwa makopo mawili ya aiskrimu, moja ndani ya tangi, moja nje, yamekumbatiana kwa waya juu ya ukingo kama mtu anayeruka ua na kukwama katikati. Kati yao alipitisha kipande cha mpira kilichopinda kama goti. Maji hayakuvuka. Aliyatazama, akayabembeleza, akayatukana kidogo kwa Kirundi, kisha akakumbuka vijana wa Bujumbura wanavyovuta petroli kutoka kwenye pipa. Akaweka mdomo kwenye mpira, akavuta. Maji yalikuja kwa nguvu, yakamjaa mdomoni na ladha yote ya sabuni ya kijani, akakumbuka jambo la ndoa ambalo si la kukumbukwa mtu akiwa na rozari shingoni. Akafanya ishara ya msalaba. Akavuta tena, ingawa safari hii haikuwa lazima.

Maji yalivuka. Pamoja nayo alivuka samaki mnene wa rangi ya chungwa aliyeitwa Askofu kwa sababu ya pezi lake refu la kichwani. Aliingia kwenye mpira kichwa kwanza, akashuka, akatua kwenye beseni la chini kwa heshima zake zote, akabaki humo akizunguka kama anayekagua parokia mpya. Gaudiose alicheka mpaka akakaa kwenye kapeti lililolowa. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu acheke akiwa peke yake, na kicheko kilitoka kimechakaa kidogo pembeni, lakini kilifanya kazi.

Kwa hiyo sanduku la pili lilihitaji meno, kama ya kitana, ili maji yapite na Askofu abaki. Akayachonga kwa kisu cha mkate. Kesho yake maji yalipita vizuri mpaka yalipotulia, mpira ukaishiwa, ukameza hewa, na jioni iliyofuata haukuvuta tena. Kapeti likalowa, Charlotte akabisha hodi. Gaudiose alikaa na sanduku mapajani akiligeuza huku na huku kama mama anayetafuta upele kwa mtoto, mpaka akaona kosa. Lile kopo la nje lilikuwa linakauka. Bomba la kutolea maji halikupaswa kuanzia chini kabisa. Lilipaswa kunyanyuka ndani ya kopo kwa urefu wa kidole hivi, ili kila mara yabaki maji kidogo ya kufunika mdomo wa mpira. Midomo yote miwili ikikaa majini, hewa haina pa kuingilia, na mvuto unangoja mpaka maji yapande tena. Kumbe kinachozuia kitu kisikatike, aliwaza, ni kile kidogo kisichoondoka.

Sasa alitaka sanduku lenyewe, la plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, lililokatwa kwa msumeno na mtu mwenye mkono usiotetemeka. Hotelini alikofua na kukunja mashuka palikuwa na Didace, Mrundi mwenzake, fundi wa matengenezo. Akampigia, naye Didace akapokea akiwa kwenye chumba cha mapumziko na wenzake.

"Didace, ndugu yangu, nahitaji sanduku. Kabla ya Jumamosi."

Didace alisogea pembeni na simu. Kwa Warundi, na kwa Wakongo, na kwa Wakenya wengi tu, mtu akikupigia simu akakwambia anahitaji sanduku la haraka, humwulizi la nguo.

"Pole sana, dada," alisema mwishowe. "La ukubwa gani?"

"Dogo tu. Halifiki urefu wa mkono."

Didace alitafuta kalamu. "La mbao?"

"Hapana, la plastiki inayoonyesha. Nataka niwe ninaona ndani."

"Mungu wangu."

"Na meno niyaone vizuri. Ya kwanza niliyachonga mwenyewe, hayakukaa sawa."

Didace aliahidi kulitengeneza kwa mikono yake, akakata simu, akaketi. Jioni nyumbani alimweleza mkewe Annick alichokisikia, kwa sauti ya chini. Annick, mwenye roho nzuri na kidole chepesi, aliandika kwenye kundi la simu la wanakwaya kwamba dada Gaudiose anatafuta sanduku na yuko peke yake, tusimwache kama tulivyomwacha mara ile.

Ijumaa mchana watu wakaanza kufika.

Walikuja na sufuria zimefungwa kwa vitenge. Walikuja na maharage, na ugali, na katoni za soda, na viti vya kukunja vya kanisani. Walivua viatu mlangoni, wakamkumbatia Gaudiose kwa muda mrefu kuliko kawaida, wakaketi wakikabili tangi. Gaudiose hakuelewa wamejuaje, lakini alishukuru kwamba katika nchi hii kubwa bado kuna watu wanaomjali mtu na samaki zake kiasi hicho. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Msibani hilo haliulizwi. Mtu husubiri litajwe.

"Sanduku limefika?" aliuliza mama mmoja kwa upole.

"Didace analileta. Lakini gundi lazima ikauke."

"Na litakaa wapi?"

"Hapa hapa sebuleni."

Mama yule alitazama kulia na kushoto. "Hapa Texas wanaruhusu?"

"Nimemwambia msimamizi. Anachotaka ni lisivuje tu."

Akina mama wakainamisha vichwa, na mmoja akaanzisha wimbo.

Wapo waliodhani aliyekufa ni ndugu wa Bujumbura. Wengi, hata hivyo, walikuwa wameshakubaliana kimyakimya kwamba ni Immaculate, ambaye tangu ahamie Cedar Hill hakuna aliyemwona, na Dallas ni mbali, na manesi wanachoka. Walikuwa wameshalia sana, na mmoja alikuwa ameshasimulia jinsi marehemu alivyomdunga sindano bila maumivu, ndipo Immaculate mwenyewe alipoingia na chapati kwenye chombo cha kutunzia joto, amechoka na barabara. Hakuna aliyeshtuka. Walimpisha kiti cha mbele. Alipoona watu wote wanalia naye akaanza kulia, maana ni mtu wa kazi ya huruma, na mama wa sindano akamshika mkono na kumfariji kwa kifo chake.

Baadaye kidogo alifika Audace katika koti lake la kijivu, na watu wakasogea. Audace alikuwa mwenyekiti wa Warundi wa upande ule. Tena ndiye aliyekuwa mkalimani wa kiwanda cha kuku: alisimama kati ya mabosi na wafanyakazi, akikigeuza Kiingereza cha wale kuwa Kiswahili cha hawa, na asubuhi aliita majina mlangoni mwa gari. Alijua kusema. Alisimama mbele ya tangi, Askofu nyuma ya bega lake, akamlilia marehemu wetu ambaye jina lake limeandikwa mioyoni mwetu sote hata hakuna haja ya kulitaja, mtu wa watu, au mama wa watu kadiri Mungu alivyopenda kumuumba, aliyetutoka akiwa bado mbichi au ameshakomaa. Watu walisema ni hotuba nzuri. Gaudiose naye aliona ni nzuri, ila ndefu kwa sanduku la samaki.

Didace alipanda ngazi amelibeba kwa mikono miwili, limefunikwa kwa shuka jeupe la hoteli. Nyumba yote ikasimama. Alilifunua polepole. Lilikuwa limenyooka, linang'aa, meno yake yamepigwa tupa hata mtu angeweza kuyachania nywele. Gaudiose alilishika, akaligonga kwa ukucha, akalibusu.

Kisha akaliangika kwenye ukingo wa tangi, akafungia bomba, akavuta hewa kwa mdomo mbele ya waombolezaji wote, akafuta midomo. Watu walitazamana. Annick ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo sana, kama sanduku ndilo hilo.

"Ndilo," alisema Gaudiose. "Kwani ninyi mmekuja kwa lipi?"

Mama wa sindano akautoa mkono wake kwenye mkono wa Immaculate. Mtu mmoja upande wa jikoni alianza kucheka, akajizuia kwa ugali, akashindwa, na kicheko kikapita nyumba nzima kama moto wa nyasi. Didace alicheka akiwa amejificha nyuma ya shuka. Immaculate alipoelezwa kwamba alikuwa amekufa, alidai arudishiwe chapati zake. Gaudiose alicheka kuliko wote. Lakini hakuna aliyenyanyuka kuondoka, kwanza kwa sababu chakula kilikuwa hakijapakuliwa, na pili kwa sababu kila mtu mzima anajua kwamba kikao cha msiba kikishakaliwa hakivunjwi hivi hivi. Lazima awepo aliyekufa.

Wakati huo samaki walijipanga, vichwa vikielekea mlangoni, na maji yakaanza kupanda.

Yalinyanyuka mpaka kwenye meno, yakapita katikati yake kwa nyuzi nyembamba, yakajaza kisanduku cha ndani, yakapanda bombani, yakavuka ukingo, yakashuka kisanduku cha nje na kuporomoka kwenye beseni. Bomba lilibeua kama mjomba aliyeshiba, kisha likatulia. Pampu ndogo iliyokuwa humo ikayachukua, ikayarudisha juu. Kapeti lilikuwa kavu. Wazee huimba kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na Gaudiose aliwaheshimu, lakini haya yalikuwa yanazoleka mbele ya macho yake. Chini, Charlotte alingoja kugonga, akakosa sababu, akapanda mwenyewe na keki.

Maji yalipokolea, Claude akapita. Alipita kwenye meno kwa ubavu, kama alivyopita kati ya mabenchi alipochelewa misa, akapanda bombani, akashuka, na kutokea kwenye beseni la chini akiwa amevaa aproni nyeupe na mabuti ya mpira, maji yakimfika vifundoni. Alisubiri kidogo yachuruzike ili asichafue kapeti.

"Kumbe ni Claude," alisema Annick. Watu wakaitikia kwa kushusha pumzi, kama mtu aliyetafuta ufunguo na kuukuta mfukoni. Walikuwa hawajamlilia. Wakampa pole na kazi, wakampa taulo na chai yenye tangawizi. Kisha wakamlilia kama inavyotakiwa, kwa sauti na kwa kupokezana, Wakongo wakishika sauti ya chini na Wakenya wakiingia mapema mno, naye Claude amekaa katikati yao na kikombe chake, akijifuta machozi, maana hakuna asiyeguswa akiona amekusanyikiwa. Gaudiose alikaa karibu naye. Bega lake lilikuwa la uvuguvugu.

Ndipo Immaculate, ambaye unesi haumtoki hata akila, alipomuuliza Claude kwa nini mwaka ule alikwenda kazini na homa kali vile.

"Tulitangaziwa," alisema Claude. "Bosi alisimama juu ya kreti akasema maneno yake. Audace akatugeuzia: mwenye homa abaki. Mimi nilikuwa na homa. Nikabaki."

"Ulibaki wapi?"

"Kwenye mstari wa kukata mabawa. Tulibaki wengi. Mchana wenye afya walipokwenda kula, sisi tulibaki. Jioni tukabaki na zamu ya pili."

Audace aliweka sahani chini. Alieleza kwa utulivu kwamba kubaki ni kubaki. Bosi alisema "stay home". "Stay" ni kubaki, na sehemu iliyobaki ilikuwa inaeleweka yenyewe. Mkenya mmoja alisema kwao ingekuwa "akae". Mkongo akasema "akae" ni mbaya zaidi, maana mtu angevuta kiti. Akajibiwa na mwingine kwamba "abakie" ingesaidia, na mwingine akasema "abakie" ni ya Watanzania na wao hata wakikufukuza wanakukaribisha. Mjadala ulichangamka. Watu waliinuka kuonyesha kwa mikono tofauti ya kubaki na kusalia. Mmoja alimuuliza Charlotte, mwenye Kiingereza chake, "stay" ni nini hasa, naye, akidhani amekaribishwa, akajibu kwa furaha kwamba angekaa kidogo tu.

Gaudiose alingoja wapoe. Hakunyanyua sauti.

"Mwenyekiti," alisema, "'home' kwa Kiswahili ni nini?"

"Ni nyumbani, dada."

"Ulikuwa unalijua siku hiyo?"

Audace alitazama kikombe chake. "Nilikuwa ninalijua. Nilikuwa nimelifikisha hapa," akagusa koo. "Lakini bosi aliponiona navuta pumzi alinitazama, akautazama mstari, akanitazama tena. Likarudi."

Pampu ilinguruma. Kisha Annick, ambaye hawezi kuvumilia kikombe kitupu, akaanza kumimina chai upya, na akammiminia Audace pia, kwa kuwa alikuwa amepangana na wengine na haikuwezekana kumruka.

Walipokwisha kula, Didace alisema sasa tupite majini. Kwa Warundi mazishi hayajaisha mpaka watu waliozika wapite majini: wanawe mikono pamoja, wanywe kidogo, wafunguliwe waende, na marehemu naye afunguliwe aende zake. Kwa Claude hakuna aliyekuwa amepita. Watu wakapanga mstari mbele ya beseni.

Gaudiose alimwinamia mumewe sikioni. "Wakishapita, utaondoka?"

"Ndivyo ilivyo," alisema Claude. "Nilikuwa nimejiandaa."

Gaudiose alijua kwamba ndiyo haki yake na kwamba ni vizuri, na kwamba akisema neno moja tu la kuwazuia watamwelewa. Alilishika lile neno mdomoni. Halafu akainuka, akachukua sabuni, akasimama kando ya beseni kumwagia kila mtu mikononi, mmoja mmoja, kama mwenye msiba. Walinawa wote. Immaculate alinawa mpaka viwikoni. Charlotte alinawa na kusema maji ni mazuri.

Audace alikuwa wa mwisho. Alinawa kwa muda mrefu, akisugua kati ya vidole. Akapokea taulo, akajifuta, akalikunja vizuri. Ndipo akamgeukia Claude, aliyekuwa ameshaanza kufifia hata kitasa cha mlango kikaonekana kupitia mwili wake.

"Claude, kwa kuwa uko hapa," alisema. "Jumatatu kuna nafasi kwenye mabawa. Watu wamepungua. Na wewe sasa huwezi kuugua."

Claude hakuwahi kukataa zamu maisha yake yote. Alimtazama Gaudiose, akatazama mikono yake mwenyewe. "Saa ile ile?"

"Saa ile ile. Nitakuita."

Mtu aliyeitwa kazini hawezi kuondoka. Kitasa cha mlango kilifichika tena nyuma ya aproni, bega likarudiwa na uzito wake. Gaudiose alisikia furaha ikimpanda mpaka kooni na ikapita, na papo hapo akataka kumpiga Audace kwa sufuria ya maharage. Hakufanya lolote. Alisimama na sabuni mkononi, na machozi yalipomtoka watu wakadhani ni ya msiba, wakampongeza kwamba umekwisha salama.

Jumamosi mkaguzi alikuja, akapapasa dari la Charlotte, akakuta kavu, akala keki, akaenda. Claude alishinda amelala kwenye kiti, miguu ndani ya beseni, na Askofu, aliyeteremshwa humo amliwaze, akimzunguka vidole.

Jumatatu Gaudiose alimsindikiza mpaka kituo cha mafuta, amembebea wali kwenye kopo la aiskrimu. Watu walikuwa wamesimama kando ya gari la kiwanda. Kati yao alikuwepo Kanana, msichana wa Meru aliyeanza kazi majuzi, amejifunga koti la baridi katika joto lile la Houston, anakohoa ndani ya kiwiko. Audace alishuka na kofia yake ya kijani. Aliita majina, na alipoita "Claude", Claude akajibu "Nipo", na jina lililofuata likaitwa. Kisha dereva Mmarekani akasema kitu kutoka dirishani, Audace akasikiliza, akawageukia watu.

"Mwenye homa abaki," alisema.

Kanana, aliyeelewa abaki kazini, alisogea mlangoni mwa gari.

"Nyumbani," alisema Claude, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayekumbusha.

Watu walimgeukia. Gaudiose alimtazama Audace kooni, mahali pale alipopagusa Ijumaa, akaona pananyanyuka na kushuka.

"Jioni, Claude," alisema Audace. "Nyumbani ni jioni."

Akamshika Kanana mkono kumsaidia kupanda, maana ngazi ya gari ilikuwa juu. Claude akapanda nyuma yake, mabuti yakichuruzika. Mlango ulifungwa. Gaudiose aligundua kwamba kopo la wali bado analo mkononi, akalikimbilia gari akigonga ubavuni mwake, na Audace, ambaye hakuwa mtu mbaya, akafungua dirisha akalipokea.